Kulinda Siku za Darasani: Ushauri kwa Wanafunzi Wanaoingia Gredi ya 10 Katika Ukanda wa Chai wa Kericho na Bomet

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wanafunzi wapya na wazazi wao

1. Utangulizi



Kundi la mwisho la mtihani wa KCPE liliingia Kidato cha Kwanza Januari 2024. Miaka miwili baadaye, Januari 2026, kundi la kwanza la Gredi ya 10 likaingia sekondari pevu, likitokea kwenye mtihani wa KJSEA. Kwa hiyo, wanafunzi, ushauri wa kaka na dada zenu upokeeni kwa tahadhari. Wao walipewa miaka minne, wengi wakautumia mwaka wa kwanza kuzoea tu. Ninyi mna miaka mitatu, yaani mihula tisa. Anayepoteza muhula mmoja amepoteza sehemu moja ya tisa ya masomo yake yote.

Hoja yangu ni moja: huku kwetu mwanafunzi huangushwa zaidi na siku anazokosa darasani kuliko anavyoangushwa na ugumu wa masomo. Nitaeleza siku hizo hupotelea wapi, na namna ya kuzilinda.

2. Kalenda mbili zisizopatana

Mkulima anayepeleka chai kwenye viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, kama Litein, Mogogosiek au Kapkoros, hulipwa kila mwezi kwa kilo alizouza. Bonasi huja baada ya hesabu za mwaka kufungwa mwezi Juni, na kwa kawaida humfikia mnamo Oktoba. Karo nayo hudaiwa Januari. Kati ya hapo kuna madeni ya dukani, sherehe za tumdo, yaani jando, na Krismasi. Isitoshe, Januari na Februari jua huwa kali, majani hupungua, na malipo ya mwezi hushuka wakati ule ule ambapo shule inataka pesa.

Kwa familia za vibarua wa mashamba makubwa hali ni ngumu zaidi, maana mashine za kuchuma zimepunguza kazi za mikono. Hasira iliyozuka Kericho Mei 2023, mashine zikachomwa moto, ilitokana na hofu hiyo.

Wazazi, toeni karo kwenye bonasi siku ile inapoingia, kabla ya matumizi mengine. Ambaye hana uwezo wa bweni asione haya kumpeleka mtoto shule ya kutwa iliyo karibu. Tangu 2018 kiwango kilichowekwa cha mgao wa serikali ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na katika shule ya kutwa mgao huo ndio unaobeba gharama ya mafunzo. Mzazi hubaki na sare, chakula cha mchana na mahitaji madogo.

Nanyi wanafunzi, jueni salio la karo yenu. Wekeni nakala za cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi kwenye faili moja, ili fomu za basari za NG-CDF, yaani mfuko wa eneo bunge, na za kaunti zisiwakute mkihangaika. Ukirudishwa nyumbani, usikae kusubiri pesa zote zitimie. Rudi na mzazi wiki hiyo hiyo, mlipe mlichonacho, na salio mwandikiane na shule.

Kila mmoja wenu anajua chai isiyochumwa kwa zamu yake hukomaa, na kiwanda huikataa. Somo la hisabati lililopita bila wewe huwa hivyo hivyo: la wiki inayofuata halitakungoja.

3. Kuchagua mkondo

Mikondo ni mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Mtasoma masomo saba, manne ya lazima na matatu ya kuchagua. Asiye katika STEM bado atasoma hisabati, ila ile nyepesi zaidi.

Msichague mkondo kwa sababu rafiki ameuchagua, wala msidhani STEM ni ya werevu na mingine ni ya walioshindwa. Wilson Kiprugut Chuma, mzaliwa wa Kericho, ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Aliye na hamu ya kilimo naye asidhani atarudi kwenye kikapu tu. Chai ya zambarau ilitokana na utafiti uliofanywa hapa hapa Kericho, na mashine zile zile za kuchuma zinahitaji fundi.

Kabla ya kuamua, uliza mambo mawili: je, shule niliyopangiwa ina walimu wa masomo haya matatu? Na je, kozi ninayoiwaza inayahitaji?

4. Heshima, bweni na barabara

Kwa vijana waliotoka tumdo: mila imewaita wanaume, na hakuna anayewanyang'anya jina hilo. Lakini mwanamume hakatai kufundishwa na mwalimu wa kike, wala hamfanyi mwenzake aliye mdogo kuwa mtumishi wake bwenini. Anayeonewa amwambie mwalimu wa zamu siku hiyo hiyo.

Barabarani, pikipiki imewatoa wavulana wengi shuleni kwa pesa za siku moja, na lifti ya bure imewagharimu wasichana wengi masomo. Msichana aliyepata mimba asihesabu masomo yake yamekwisha. Mwongozo wa serikali wa 2020 unamruhusu kurejea shuleni.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila shule imweleze mzazi kwa maandishi, mwezi Oktoba, kiasi cha karo ya Januari.

Pili, mkuu wa shule asimrudishe mwanafunzi nyumbani kwa karo kabla ya kuzungumza na mzazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Shule isiwe ya kwanza kumzuia.

Tatu, kila mwanafunzi awe na daftari la siku alizokosa na masomo yaliyofundishwa siku hizo, ayanakili kwa mwenzake kabla ya Ijumaa, na mwalimu wa darasa alikague kila mwezi.

Hilo la tatu halihitaji bonasi wala basari. Lianze Jumatatu.