Mapaa Yetu Baada ya Tufani
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya nyumba zilizoezuliwa na upepo, na sababu ya kutakiwa sisi si ufasaha, ila ni duka. Misumari ya mtaa huu hupita katika mizani yetu, na auzaye misumari hujua paa la nani lavuja kabla ya jirani yake kujua. Basi tutasema tuliyoyaona, kisha tutaingia katika lile jambo lililowagawa watu mabarazani siku hizi, nalo ni hili: atengenezewe nani kwanza?

Yatupasa kwanza tuondoe fikira kwamba tufani ni balaa la nchi za watu. Tarehe 15 Aprili 1872, katika zama za Seyyid Barghash, tufani iliipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, na vyombo vingi vikaangamia bandarini. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndipo Pemba ilipoishinda Unguja kwa karafuu. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Aprili 2019 tufani iliyoitwa Kenneth ilipita karibu na Ngazija ikaenda kuvunja majumba huko Cabo Delgado, Msumbiji. Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia, na sisi huku tuliona vyombo vya Dar es Salaam vikizuiwa kusafiri. Desemba mwaka ule ule Chido iliipiga Mayotte, na vitongoji vizima vya vibanda vya mabati vililazwa chini kwa saa chache. Mabati ya Mayotte hayana tofauti na haya tuyauzayo dukani.

Sasa tuliangalie paa. Watu wengi husema upepo umelisukuma paa likaanguka. Aghalabu sivyo. Upepo ukipanda juu ya kilele hulivuta paa kwenda juu, kama mtu anyonyavyo maji kwa mrija, na mlango au dirisha likiwa wazi upande utokako upepo, basi upepo huingia ndani ukalisukuma paa kutoka chini. Mkono mmoja wavuta, wa pili wasukuma. Ndiyo maana mara nyingi khasara huanzia penye upenu, kwenye pembe na kwenye kilele, wala si katikati. Ndiyo maana pia fundi atazamaye uzito tu, akadhani bati zito au jiwe lililowekwa juu ya bati litatosha, hujidanganya. Mawe yale juu ya mabati, ndugu zetu, yaondoeni leo hii. Jiwe halizuii tufani, na likishuka humkuta mtoto.

Paa ni mnyororo. Bati limeshikwa na papi, papi imeshikwa na makombamoyo, makombamoyo yamekaa juu ya mtambaapanya, na mtambaapanya umelala juu ya ukuta. Tumezitazama nyumba kadhaa za mtaa huu zilizoezuliwa, na katika nyingi bati halikung'oka kwenye papi hata kidogo. Lilikwenda pamoja na papi na makombamoyo yake, likatua shambani likiwa zima kama mwavuli. Juu mlikuwa na misumari ya kutosha, na chini boriti imelala ukutani kama mgonjwa kitandani, haikufungwa na chochote. Mwenye nyumba hulaumu mabati, akaja kutaka mabati mapya. Twaweza kumwuzia, na faida tukaipata, lakini mwakani atarudi tena.

Basi dawa huanza chini. Nyumba ya matofali, waya mnene au ukanda wa chuma na upitishwe chini ya safu mbili tatu za matofali, upande juu, uzungushwe mtambaapanya na kombamoyo, kisha ukazwe kwa koleo. Nyumba ya miti na udongo, kombamoyo lifungwe na nguzo yenyewe iliyozikwa ardhini, si na fito za ukuta, kwa kuwa udongo haushiki kitu. Asiye na waya ana kamba ya usumba. Wazee wetu walishona mitepe kwa kamba hiyo, haitashindwa na kombamoyo, ila itazamwe kila mwaka.

Kisha ndipo tuje kwenye misumari. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni, kwani bondeni ndiko yapitako maji. Uwe na kofia pana na mpira chini yake, na uwe umepakwa zinki. Msumari mtupu katika hewa ya chumvi kama hii yetu haukawii kuliwa na kutu, na bati likabaki limeshikwa na wekundu tu. Pembeni, penye upenu na kileleni pigeni kwa karibu karibu, hata kila wimbi la pili. Katikati mwaweza kupunguza. Bati lilalie mwenziwe wimbi moja na nusu, na kwa urefu lisipungue inchi sita. Atakaye kununua bati aulize geji, na ajue kwamba hesabu ya geji huenda kinyume: 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Kuna wauzaji wasiopenda mnunuzi ayajue haya. Bati kuukuu lililopinda si la kutupwa, linyosheni kwa nyundo ya mti, lakini msilirudishie misumari katika matundu yale yale yaliyokwisha kupanuka. Lisogezeni kidogo, na matundu ya zamani yazibwe kwa lami.

Wenye nyumba za makuti wasione haya. Kuti lina fadhila zake: hupenyeza upepo kidogo, na likiruka halimkati mtu shingo. Lakini paa la kuti lataka mteremko mkali, ili maji yasikae yakaliozesha, na makuti yapangwe kwa kukaribiana, kila moja lifungwe na upau wake. Msiezeke kuti jipya juu ya kuti bovu. Mnaongeza uzito juu ya kitu kisichoshika. Tandazeni kamba juu ya paa kama jarife, mzifunge chini ya upenu, kabla ya masika kuingia.

Jambo jingine ambalo twaona limesahauliwa: nyumba za wazee zilikuwa na vipaa pande zote nne, nasi siku hizi twajenga paa la pande mbili kwa sababu ni rahisi na lapendeza machoni. Paa la pande nne upepo hulizunguka, la pande mbili humpa upepo ukuta wa pembetatu wa kuupiga kifua. Na ubaraza wa mbele ujengewe kipaa chake peke yake, usiwe mkia wa paa kubwa, ili upepo ukiuchukua usiondoke na nyumba.

Haya ya ufundi yatosha. Tuje kwenye lile la pili.

Imesemwa, tena na watu tuwaheshimuo, kwamba kwa kuwa orodha ya msaada iliyopita mitaani iliwaruka baadhi ya wanachama wetu, basi na sisi mikono yetu na ngazi zetu tuziweke kwa wenye kadi yetu kwanza, na wengine wangoje wenzao. Uchungu wa maneno haya twaujua. Tumeziona nyumba zilizohesabiwa mara mbili, na tumeziona nyumba zisizo na paa zilizopitwa kama kwamba hazipo. Walakini shauri hilo hatulikubali, na sababu yetu ya kwanza si ya huruma, ni ya mabati. Bati lililolegea la jirani asiye wa chama chetu likiruka usiku halitauliza kadi. Litakuja juu ya paa tulilolifunga jana, likalipasua. Mtaa huezekwa wote au haukuezekwa.

Sababu ya pili ni kwamba tumekuwa tukisimama katika mikutano kusema kuwa haki haigawiwi kwa rangi ya bendera. Tukipanda ngazi kwa kadi, kesho tutasimama wapi tuseme maneno hayo? Watakaotucheka watakuwa na haki ya kutucheka.

Kwa hiyo twapendekeza hivi: kwanza wajane na wazee wasio na kijana wa kiume nyumbani, kisha wenye watoto wadogo na wagonjwa, kisha wengine wote kwa mpango wa mitaa. Na wale walioachwa katika orodha wasiachwe na sisi pia. Vijana wawili wanaojua kuandika vizuri wapite nyumba kwa nyumba, waandike jina, tarehe, idadi ya mabati au makuti yaliyopotea, na mashahidi wawili, mmoja wao asiwe mwanachama wetu. Nakala moja ipelekwe kwa Sheha kwa adabu, iombewe sahihi ya kupokelewa, na nakala moja ibaki tawini. Kelele za barazani hazina tarehe. Karatasi ina tarehe.

Kwa upande wa duka, misumari, waya na kamba zitatoka kwa bei tuliyonunulia mpaka kazi iishe, na asiye na kitu ataandikwa bila nyongeza. Wenzetu wenye maduka waliopandisha bei asubuhi ile ya pili ya upepo hatuwataji. Wanunuzi wao wanawajua.

Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, tukutane penye kisima nyuma ya msikiti. Nyumba ya kwanza ni ya yule bibi anayelala jikoni na wajukuu wake. Ngazi tunazo mbili, zatakiwa nne. Mwenye koleo aje nayo, na mwenye nyundo ya mti asiisahau.