Burse Hainunuliwi: Maneno kwa Familia Zilizohamishwa na Viongozi Wao

(Mazungumzo yaliyotolewa mjini Kalemie, mkoa wa Tanganyika)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya unga, mafuta wala maturubai. Tumekuja kuzungumza juu ya burse, yaani ufadhili wa masomo ya chuo kikuu. Huenda mzee mmoja akauliza: watoto wetu wanalala chini, na ninyi mnatuletea habari za chuo kikuu? Tunajibu kwa heshima: vita vinaweza kudumu miaka mingi, lakini umri wa mtoto hausubiri. Kijana aliyemaliza sekondari na kukaa bila njia yoyote, wapo watu wanaomtafuta ili wampe bunduki.

Kuna sababu ya pili. Habari za burse zikifichwa, huzaa chuki. Sisi wa Tanganyika tuliona mwaka 2016 na 2017, kati ya Batwa na Baluba, jinsi neno la «wao wanapewa, sisi tunanyimwa» linavyoweza kuchoma vijiji. Kwa hiyo kugawana habari ni kazi ya amani.

Mkimbizi na mhamishwa si sawa mbele ya burse

Wengi mmesikia juu ya burse inayoitwa DAFI. Ilianza mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani, na inasimamiwa na HCR. Ina jina la Albert Einstein, mtaalamu mkubwa wa sayansi ambaye mwenyewe aliikimbia Ujerumani ya Hitler. Imesomesha vijana zaidi ya 20,000 duniani. Ni burse ya kweli na ni nzuri.

Lakini sikilizeni vizuri. Burse hiyo ni ya mkimbizi, yaani mtu aliyevuka mpaka na kutambuliwa katika nchi iliyompokea. Mhamishwa aliye ndani ya Congo bado ni raia aliye nchini mwake, na hahesabiwi humo. Ndiyo maana vijana wengine wanasema: «Basi tuvuke ziwa, twende Nyarugusu tukaombe DAFI.» Tunawasihi wazazi mzuie wazo hilo. Anayekimbia risasi ana haki ya kuvuka, na hakuna wa kumlaumu. Lakini anayevuka kwa ajili ya burse tu anaacha kitu alicho nacho kwa ajili ya kitu asicho nacho. Kutambuliwa kuwa mkimbizi huchukua muda na kunaweza kukataliwa. DAFI haiko katika kila nchi, na nafasi zake ni chache kuliko waombaji. Hata duniani kote, mwaka 2019 ni vijana wakimbizi 3 tu katika 100 waliokuwa chuo kikuu. Hesabu hiyo imepanda tangu hapo, lakini bado ni ndogo.

Milango iliyo wazi kwa raia wa Congo

Mhamishwa hapotezi uraia wake. Milango yote inayofunguliwa kwa Mkongomani ni yake pia. Tutaje michache.

Uturuki inatoa burse iitwayo Türkiye Bursları. Inalipa masomo, chumba, posho ya kila mwezi, tiketi ya ndege, na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki. Maombi kwa kawaida hupokelewa kati ya Januari na Februari, bila malipo. Anayeomba digrii ya kwanza awe chini ya miaka 21 na awe na asilimia 70. Udaktari wa tiba unadai 90. Tunajua kwamba katika Mtihani wa Serikali hapa kwetu asilimia 70 ni chache sana. Kwa hiyo mwanafunzi ajue lengo hilo tangu mwanzo wa sekondari, siyo siku ya matokeo.

Umoja wa Afrika una chuo chake, Pan African University, chenye vituo Nigeria, Kamerun, Kenya na Aljeria. Ni kwa waliokwisha kupata digrii ya kwanza. Chevening ya Uingereza ni kwa masomo ya master ya mwaka mmoja. Inadai Kiingereza na miaka miwili ya kazi, na mwenye kuipata anaahidi kurudi nchini mwake kwa miaka miwili. Mastercard Foundation hufanya kazi na vyuo vikuu kadhaa, kimojawapo Makerere ya Uganda, na hutazama hasa wasichana, walemavu na watu waliohamishwa na vita. Hapa nyumbani, programu ya Excellentia ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi, iliyoanza mwaka 2019, huwasaidia waliofaulu sana Mtihani wa Serikali.

Mnaona kwamba kila mlango una kizingiti chake: alama, umri, lugha au kazi. Kijana asome masharti kabla ya kutumia franga zake kwenye intaneti.

Karatasi ndizo zinazosafiri kwanza

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wako watoto wenye akili wanaokosa nafasi kwa kukosa karatasi tu. Tunaomba kila familia ifanye mambo haya manne:

1. Mtoto mchanga aandikishwe kwa serikali ndani ya siku 90, ni bure. Muda huo ukipita, inabidi kupata hukumu ya mahakama inayoshika nafasi ya cheti cha kuzaliwa, nayo ina gharama na safari.

2. Buletini za miaka yote, diploma na kadi ya uchaguzi ziwekwe pamoja katika mfuko wa plastiki. Siku ya kukimbia, mfuko huo utoke pamoja na watoto.

3. Zipigwe picha kwa simu, na picha zitumwe kwenye barua pepe ya mwanafunzi mwenyewe. Nyumba inaweza kuungua, lakini picha hizo zitabaki.

4. Aliyekwisha kupoteza aende kwa prefe wa shule yake, au ofisi ya elimu, akaombe nakala au ushahidi wa maandishi. Asingoje hadi tangazo litoke.

Na msikimbilie kununua pasipoti kwa deni. Türkiye Bursları, kwa mfano, hupokea ombi kwa kitambulisho au cheti cha kuzaliwa.

Anayeuza burse ni mwizi

Watu wanapita katika makambi wakiuza fomu, wakiahidi Kanada au Marekani kwa dola kadhaa. Mama anauza mbuzi, baba anauza shamba, kisha simu ya mtu yule haipatikani tena. Burse tulizozitaja leo hazimlipishi mtu ili aombe, na hazina wakala kambini. Anayedai pesa ili «apitishe jina», mpelekeni kwa kiongozi wenu. Na binti akiambiwa kuna bei nyingine isiyo ya pesa, wazazi wamsikilize na wasimame naye. Aibu ni ya yule aliyedai.

Ombi letu kwa viongozi

Tangazo likikufikia, lisibaki mfukoni mwako wala kwa watoto wa ndugu zako. Lisomwe kanisani, msikitini, sokoni na shuleni, kwa waliohamishwa na kwa wenyeji, kwa Batwa na kwa Baluba. Wenyeji waliotupokea wana watoto pia. Wakiachwa nje, ujirani utaharibika. Na lisomwe mbele ya wasichana, kwa sababu mara nyingi wanapata habari wakati muda umekwisha, au baada ya kuozeshwa.

Hatuwadanganyi. Wengi wataomba, wachache watapata. Lakini aliyejitayarisha hapotezi kitu: alama zake, karatasi zake na lugha aliyojifunza zitamfaa hata katika vyuo vya hapa Kalemie. Na mtoto wa jirani akipata, na kila mtu akijua kwamba alipata kwa njia ya wazi, tutamsindikiza wote bandarini kwa furaha, bila kinyongo.