Akili Si Kipimo cha Utu: Funzo la John Nash kwa Mombasa



Akitajwa John Nash, yule mwanahisabati wa Marekani aliyeugua skizofrenia kisha akapata Tuzo ya Nobel, wengi hufarijika: kumbe mgonjwa wa akili naye aweza kuwa bingwa. Leo naipinga faraja hiyo. Tukimstahi mgonjwa kwa ajili ya kipaji chake, tumekwisha kumvunjia heshima asiye nacho. Nadai kwamba maisha ya Nash yenyewe yanafundisha kinyume: kipaji hakikumponya. Waliomfaa ni watu waliompa mahali pa kuishi wakati hana cha kuwalipa.

Tuanze na tarehe. Tasnifu yake ya uzamivu, iliyoweka dhana ya msawazo katika nadharia ya michezo, ni ya mwaka 1950, naye ana miaka 21. Kazi zake kubwa za jiometri na milinganyo zilifuata katika muongo huohuo. Maradhi yalidhihirika mwaka 1959. Wanaodai kwamba wazimu ndio chemchemi ya ubunifu watueleze, basi, kwa nini kazi zilizomletea Nobel ya uchumi mwaka 1994 na Tuzo ya Abel mwaka 2015 zilitangulia ugonjwa. Ni kweli kwamba Nash mwenyewe alieleza kuwa fikra zake za ajabu zilimjia kwa njia ileile iliyomletea zile za hisabati, na kwamba kurudiwa na akili timamu si furaha tupu. Maneno hayo yanatuonyesha jinsi maradhi yanavyoaminika kwa aliyenayo, wala hayathibitishi kwamba yalimzalishia kitu. Yalimnyang'anya zaidi ya miaka 20 ya kazi.

Alilazwa hospitali mara kadhaa, nyingine bila hiari yake. Mkewe, Alicia, aliyeachana naye mwaka 1963, alimpokea tena nyumbani mwaka 1970. Chuo Kikuu cha Princeton nacho kilimwacha azunguke koridoni, aandike ubaoni na kuingia maktaba miaka nenda miaka rudi, bila kumdai matokeo. Mpinzani atasema: aliacha dawa mwaka 1970 na bado akapata nafuu, kwa hiyo dawa si lazima. Lakini mtu mmoja si utafiti. Wako wanaopata nafuu kadiri umri unavyosonga, na wako wengi wanaorudiwa na maradhi mara tu wanapoacha dawa. Filamu ya mwaka 2001 kuhusu maisha yake ilikosea ilipomwonyesha akitumia dawa mpya, ila kosa hilo halifanyi kuacha dawa kuwa tiba.

Sisi tuna sababu yetu wenyewe ya kuogopa kupima utu kwa akili. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, iliongozwa tangu 1938 na J. C. Carothers. Katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, daktari huyo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa neva za ubongo. Sayansi hiyo tuliikataa, na haki tuliyoidai ilikuwa ya watu wote, si ya werevu miongoni mwetu. Kumtukuza mgonjwa mwerevu na kumpita asiye mwerevu ni kuirudisha mizani ileile kwa mlango wa nyuma.

Wapo watakaosema Princeton ni tajiri na Mombasa ina shida zake. Lakini walichompa Nash, yaani nyumba na mahali asipofukuzwa, hata sisi tunacho: mabaraza ya Mji wa Kale na uwanda wa Mama Ngina wenye mibuyu yake. Familia inayomnywesha mgonjwa kombe, yaani maji yaliyooshea aya za Kurani, haistahili dharau, mradi kombe lisiwe sababu ya kutofika kliniki. Penye gharama ni dawa, na hapo sheria iko upande wa mgonjwa: Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa haki ya afya, Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Kwa hiyo anayezunguka Mama Ngina akizungumza peke yake hahitaji kuwa na nadharia kichwani ndipo askari asimfukuze na zahanati ya mtaani impe sindano yake ya dawa ya kila mwezi. Anastahili vyote viwili hata kama maishani mwake hatapata tuzo yoyote.