"Moto Mwingi": Lugha ya Gereji na Utambuzi wa Hitilafu za Volteji katika Moduli ya Udhibiti ya Gari



1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu sentensi moja. Niliisikia gerejini siku taa ya injini ya gari langu ilipowaka. Fundi aliunganisha mashine ya kusomea hitilafu, akatazama kioo chake, kisha akaniambia: "Mzee, kontroli boksi imeungua. Inapata moto mwingi." Nikanunua boksi la mtumba. Baada ya siku chache taa ikawaka tena, na betri ikaanza kutoa harufu kama ya mayai viza. Fundi wa pili, aliyekuwa na mita ya kawaida ya mkononi, aligundua kwamba waya mwembamba unaopeleka taarifa ya volteji ya betri kwenye regyuleta ya altaneta ulikuwa umeliwa na kutu. Boksi langu la kwanza lilikuwa zima.

Simlaumu fundi wa kwanza. Sentensi yake haina kosa la sarufi, na kila aliyekuwapo aliielewa. Hoja yangu ni kwamba sentensi hiyo ilifumba pamoja mambo matatu: kilichosomwa, kilichopo na kilichosababisha. Lugha ya ufundi isiyoyatenganisha humgharimu mwenye gari, na humvunjia fundi heshima yake.

2.0 Neno "moto"

Gerejini, moto ni umeme. Twasikia "waya wa moto" na "hapa hakuna moto". Huu ni upanuzi wa maana ulio hai, na sioni sababu ya kuubeza. Tatizo huanza panapoongezwa kivumishi. Katika "moto mwingi", mwingi ni wingi wa nini? Yawezekana ni volteji, yaani msukumo. Yawezekana ni mkondo, yaani umeme unaopita. Yawezekana ni joto tu.

Mambo haya hayafanani. Maji ya tangi lililoinuliwa juu yana msukumo hata kama bomba limefungwa na hakuna tone linalotiririka. Vivyo hivyo, waya ulioshika shoti hupitisha mkondo mkubwa sana huku volteji ya betri ikishuka. Fundi akiziita hali zote mbili "moto mwingi", atahangaika kutafuta shoti mahali ambapo regyuleta ndiyo inayopandisha volteji.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba Kiswahili hakikufikiwa na fizikia. Kilichobaki ni safari fupi lakini ngumu: kutoka darasani hadi chini ya boneti.

3.0 Kusoma na kuwapo

Betri ya volti 12 iliyojaa hupima takribani volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikiwaka, altaneta huipandisha, kwa kawaida hadi kati ya volti 13.5 na 14.7. Ikipita 15 na kudumu huko, pana shaka, ingawa baadhi ya magari hupanda kwa muda kwa makusudi. Ndiyo maana kitabu cha mtengenezaji hakina budi kutazamwa.

Magari yanayouzwa Marekani yalilazimishwa kuwa na mfumo wa pamoja wa misimbo ya hitilafu kuanzia matoleo ya mwaka 1996, na mfumo huo umeenea kwingineko. Ndani yake, P0563 humaanisha kwamba volteji ya mfumo iko juu. Msimbo huo ni ushahidi wa moduli. Hukumu bado. Shahidi naye huhojiwa.

Mahojiano huanza kwa kupima kwa mita kwenye vichwa vya betri, injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Tarakimu ya mita hulinganishwa na ile inayoonyeshwa na mashine wakati huohuo. Zikiwa juu zote mbili, moduli imesema kweli; huchunguzwa regyuleta, waya wake wa taarifa na viunganishi vyake. Katika magari ambamo moduli ndiyo inayoiamuru altaneta, shahidi ni mtuhumiwa pia, na waya wa amri lazima upimwe. Mita ikionyesha 14.2 ilhali mashine yadai 16, hupimwa waya wa moto na wa ethi kwenye soketi ya moduli yenyewe. Hizo zikiwa sawa, ndipo moduli inapostahili kushukiwa.

Aidha, kuna maswali ya kumwuliza mwenye gari. Je, gari liliwahi kubustiwa kwa lori? Malori mengi hutumia volti 24. Je, betri iliwahi kuchomolewa injini ikiwaka? Tendo hilo laweza kuzusha mpigo wa makumi ya volti kwa muda mfupi mno, kisha lisiache alama ambayo mita itaiona kesho yake.

4.0 Pendekezo

Sipendekezi tulifute neno moto. Napendekeza tofauti tatu zifundishwe vyuo vya ufundi kama sehemu ya lugha ya kazi. Kwanza, "moduli inasoma volti 16" itofautishwe na "betri ina volti 16". Pili, tuseme "volteji iliyozidi" na "mkondo uliozidi". Maneno haya ni mepesi, na kirejeshi -o- kinatosha bila kubuni nomino ngeni. Tatu, kitenzi kuungua kitumiwe baada ya uthibitisho tu. Kabla yake tuseme "inashukiwa".

Wanaisimu watatambua kwamba pendekezo la kwanza si la msamiati hata kidogo. Ni suala la nani anasema, na anajuaje. Sarufi yetu ina nyenzo zote zinazohitajika. Tulichokosa ni mazoea.

5.0 Hitimisho

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba mawingu ni mvua. Fundi wa pili hakuwa na mashine bora kuliko ya mwenzake. Alichonacho ni desturi ya kutoamini tarakimu kabla ya kuuliza imetoka wapi, na maneno ya kulieleza jibu. Desturi ni yake. Maneno hayo tuna deni la kuwapa mafundi wengine.