Orkestra ya roki ya zamani: kwa nini, na kwa feza gani

Maneno yaliyosemwa na mmoja wa tume ya utamaduni mbele ya mkutano wa chama, hapa Moba. Tunayachapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa safarini, na kwa wafadhili wanaotufuata kwa mbali.



Komite imenipa dakika kumi na tano nieleze ombi la vijana wetu watano. Wanataka kuunda orkestra ya kurudilia nyimbo za roki ya zamani, zile za miaka ya 1960 na 1970, wazicheze karibu sawa na wenyewe walivyozicheza. Tangu barua yao ifike, maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema: huo ni muziki wa wazungu, sisi Wakongomani tuko na rumba yetu. Wengine wanasema: sanduku la chama ni la ugonjwa na kilio, si la kununua gitare. Maswali yote mawili ni ya haki. Nitayajibu moja moja, nyuma ya hapo mtapiga kura.

Nianze na wazungu. Roki ilizaliwa Marekani, na wazazi wake wakubwa ni watu weusi: Chuck Berry, Little Richard, na mbele yao watu wa bluzi kama Muddy Waters. Vijana wa Uingereza walisikiliza sahani zao na wakaanza kuwaiga. The Rolling Stones walichukua hata jina lao kutoka wimbo wa Muddy Waters. Sahani yao kubwa ya kwanza, ya mwaka 1964, karibu nyimbo zake zote ni za watu wengine, hasa za watu weusi wa Marekani. The Beatles nao, mbele ya kujulikana, walikaa wakienda na kurudi mjini Hamburg, Ujerumani, kati ya 1960 na 1962. Walicheza usiku saa nyingi ndani ya baa, na nyimbo nyingi walizocheza hazikuwa zao. Kurudilia wimbo wa mwingine ndiyo ilikuwa shule yao. Kwa hiyo kijana wetu akianza kwa kuiga, anapita njia ile ile waliyopita wakubwa.

Sasa tukaribie nyumbani. Wengi wetu hapa tulikaa Zambia, katika kambi za Mwange na Kala, mpaka meli zilipoanza kuturudisha kutoka Mpulungu mwaka 2007. Kule tulikuta kwamba roki iko na wenyewe Waafrika. Miaka ya 1970, katika miji ya shaba kama Kitwe na Chingola, vijana wa Zambia walikuwa wameshika gitare za umeme. Walianza kwa kurudilia nyimbo za Rolling Stones, Jimi Hendrix na Deep Purple. Nyuma yake wakatunga zao, kwa Kiingereza na kwa lugha za kwao, na muziki ule leo unaitwa Zamrock. Orkestra iliyojulikana zaidi ni WITCH. Mwimbaji wao Emanuel Chanda watu walimwita Jagari, juu ya Mick Jagger wa Rolling Stones. Jina la kuigiza kabisa! Lakini sahani ya WITCH ya mwaka 1972 inahesabiwa kati ya sahani kubwa za kwanza za muziki wa Zambia, na hakuna anayesema ni kivuli cha mtu. Kulikuwa pia na Musi-O-Tunya, kulikuwa na Paul Ngozi. Rais Kaunda naye aliagiza kwamba sehemu kubwa ya muziki wa radio uwe wa Wazambia, karibu yote, na agizo hilo liliwapa vijana wale nafasi.

Na sisi wa Katanga? Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville tunaouita leo Likasi, Hugh Tracey alirekodi kijana mmoja na gitare lake, Jean Bosco Mwenda. Wimbo wake Masanga ulipita bahari. Wapiga gitare wa Ulaya na Marekani walikaa chini kujifunza namna vidole vyake vilivyokuwa vinatembea. Mwingereza mmoja, John Low, alisafiri mpaka Shaba kujifunza kwa Mwenda na kwa wenzake, akaandika kitabu juu ya safari ile. Ni kusema wazungu nao walirudilia za kwetu. Mwenda alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari, kule kule Zambia. Gitare limekuwa likivuka ule mpaka mbele yetu sisi wakimbizi.

Mtu ataniuliza: sawa, lakini kwa nini wasicheze rumba, ile UNESCO imeiandika mwaka 2021 kuwa urithi wa dunia? Ndugu zangu, rumba hapa iko na wachezaji wengi, na wanaijua. Vijana hawa watano wako na kitu kingine. Walizaliwa ama walikulia ng'ambo. Kiingereza na Kibemba walikiokota sokoni na kwenye radio. Waliporudi, wakaitwa Wazambia, na mpaka leo jina lile halijawatoka. Kibemba kidogo kimewasaidia kwa kuwa na Kitabwa ni ndugu, lakini Kiingereza chao hapa hakina kazi. Mtoto anarudi kwenye udongo wa babu yake, kisha kila anachokijua kinakuwa cha kuchekwa. Ndani ya orkestra ya namna hii, kile kile wanachochekewa ndicho kinahitajika. Mwenye kuimba lazima ayatamke maneno vizuri. Na vijana wawili wa hapa ambao hawakukimbia wameshaomba kuingia wafundishwe. Mimi naona hiyo peke yake ni kazi ya chama cha wanaorudi. Tunasema kila mwaka ndani ya ripoti kwamba tunataka kuishi pamoja na waliobaki. Hapa waliobaki wenyewe wanagonga mlango.

Kazi yenyewe si ngumu kuelewa. Wanahitajika watu watano: gitare la solo, gitare la kusindikiza, besi, mpiga ngoma, mwimbaji. Nyimbo nyingi za roki ya zamani zinasimama juu ya akodi tatu tu; ukianzia la, ni la, re na mi. Mtu aliyezoea rumba akodi hizo anazijua tayari. Kinachobadilika ni pigo. Mpiga ngoma anakaza fimbo kwenye hesabu ya pili na ya nne, na habadilishi, hata mkono ukichoka. Na gitare halichezwi safi kama la rumba, linakwaruza kwa makusudi. Nyimbo wanazisikiliza kwa simu, kila mmoja sehemu yake, kipande kwa kipande. Wakishika nyimbo kumi na tano, za dakika nne nne, hiyo ni saa moja nzima ya kucheza. Wakifanya mazoezi mara mbili kwa juma na kushika wimbo mmoja kila juma mbili, saa ile itapatikana ndani ya miezi saba ama minane.

Na vyombo? Hapo ndipo tunafika kwenye sanduku.

Nasema wazi mbele ya wafadhili na mbele ya wamama wanaotunza hesabu: hata franga moja ya sanduku la kilio isiguswe. Mwanachama akifiwa usiku wa leo, kesho asubuhi sanduku lazima lifunguke na kitu kiwemo. Tume ya utamaduni haikuomba feza ile, na vijana wenyewe hawakuiomba. Waliomba mkopo, na tume imewajibu kwamba waanze kwa likelemba yao. Kila mmoja atoe franga 2,000 kwa juma. Watu watano ni 10,000. Kwa mwaka wa juma 52 ni 520,000. Ni kidogo, lakini nyuzi za gitare zitanunuliwa, na mafuta ya mashine ya umeme siku za mazoezi. Kwa mwanzo watatumia gitare mbili walizo nazo, na besi ya kalindula ya kutengeneza kwa mkono, kama zile tulizoziona Luapula. Mwenye kucheka besi ya mbao akumbuke kwamba watu walicheza nayo arusi zao na walicheka kwa furaha.

Ninyi wafadhili, naomba mnisikilize vizuri hapa. Msiandike kwenye karatasi kwamba huu ni mradi wa mapato. Hakuna mtu hapa Moba atakayelipa usiku mzima wa roki. Labda saa moja katikati ya arusi, labda sherehe ya tarehe 30 Juni, labda kitu kidogo kwenye radio. Haitalisha jamaa tano, na tukiwaambia kwamba italisha, mwaka kesho mtarudi na daftari mtuulize jamaa hizo ziko wapi. Na msituletee kontena la vyombo. Tunachoomba ni paneli moja ya jua na betri yake, ampli mbili na mikro mbili, tena kwa mkopo ulioandikwa, viwe mali ya chama na viwekwe kwenye ofisi ya chama.

Kwa nini mali ya chama? Juu tunajua orkestra za Kongo zinakufa namna gani. Wenge Musica walianza 1981, wakapendwa nchi nzima, na mwaka 1997 wakapasuka, huyu na wake, yule na wake. Wakati mwingine vyombo ni vya bosi mmoja. Siku akikasirika anafunga mlango, na wapigaji wanabaki na mikono mitupu. Vyombo vikiwa vya chama, wapigaji wawili wakigombana, ampli haina upande wa kukimbilia.

Kuna jambo lingine, na hilo ndilo nataka mkae nalo. WITCH hawakuanguka kwa kukosa kipaji. Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka, na pamoja nayo ikaanguka mishahara ya watu waliokuwa wananunua sahani na kulipa mlangoni. Nyuma yake ukaja ukimwi. Katika wale wa kwanza wa WITCH, Jagari peke yake ndiye alibaki hai. Alikuwa ameacha muziki, akafundisha, akachimba mawe ya thamani. Miaka karibu arobaini ikapita mpaka sahani zao zikachapwa tena ng'ambo, na yeye akarudi jukwaani na kundi jipya, ndani yake vijana wa Uholanzi ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule, wakirudilia nyimbo zake mbele yake. Mwaka 2023 wametoa sahani mpya. Furaha ile ni kubwa, lakini wenzake hawakuiona.

Sisi ni chama cha kusaidiana. Kuuguza mtu na kumzika mtu ndiyo kazi tunayoijua. Kwa hiyo sharti la tume ni hili: kila mpigaji awe mwanachama kamili, alipe mchango wake wa mwezi wa ugonjwa na kilio kama sisi wote, hata wale wawili ambao hawakukimbia. Akiugua, chama kiende kwake. Orkestra ikifiwa, ikute watu nyuma yake.

Masharti mengine ni mafupi. Asiyekuja mazoezi mara tatu bila sababu, nafasi yake inapewa mwingine. Feza yote ya kucheza inahesabiwa usiku ule ule mbele ya watu wawili wa komite. Sehemu moja kwa kumi inaingia sanduku la ugonjwa. Nyimbo za watu ziko na haki zao, kwa hiyo mbele ya kucheza mahali pa kulipisha, komite itauliza SOCODA utaratibu. Na mazoezi yaishe saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa wamama wa jirani wameomba, na wako na haki. Siku ya kilio mtaani, hakuna mazoezi.

Hayo ndiyo ombi na masharti yake. Anayekataa, asimame aseme sasa, tusikie; ni vizuri kukataa hapa ndani kuliko kunung'unika kisimani. Anayekubali, karatasi iko kwa sekretari. Na yeyote aliye na gitare la zamani limelala juu ya dari, hata kama lina nyuzi mbili tu, alilete ofisini juma hili, tutaliandika kwa jina lake.