Nani Alipie Meli Iliyozama? Mkataba wa Nairobi na Maji Yetu

Singida haina bandari, na mtu anaweza kuuliza mada hii imefuata nini hapa. Imefuata malori. Mafuta na mbolea zinazopita Manyoni na Singida kwenda Mwanza hushushwa Dar es Salaam, na mabaki ya meli yakiziba njia ya bandari, gharama ya kuchelewa humfikia mkulima wa alizeti bila yeye kujua ilikotoka. Mkataba wa Nairobi wa Kuondoa Mabaki ya Meli, uliopitishwa Mei 2007 na kuanza kutumika tarehe 14 Aprili 2015, unamtwika mzigo huo mwenye meli aliyesajiliwa: mabaki yakihatarisha vyombo vingine au mazingira, ayawekee alama na kuyaondoa kwa fedha zake, hata kama hakuzembea. Huponea kwenye mambo machache tu, kama vita, janga la asili lisilozuilika, au serikali yenyewe kuzembea kutunza taa za kuongozea meli.

Kwa maoni yangu, uzito wa mkataba uko kwenye bima. Kampuni nyingi za meli hazina mali nyingine zaidi ya meli moja; ikizama, mdaiwa amezama nayo. Ndiyo maana kila meli ya tani 300 na zaidi hutakiwa kuwa na bima, na serikali inaweza kumdai mtoa bima moja kwa moja.

Lakini ajali zilizotutoa machozi zimetokea wapi? MV Bukoba, ya Shirika la Reli, ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Ilipokuwa bado inaelea kichwa chini, bamba lake lilitobolewa ili kuwatoa waliokuwa wakigonga ndani. Hewa ikatoka, meli ikazama. MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi, Zanzibar, Septemba 2011. MV Nyerere, kivuko cha wakala wa serikali TEMESA, kilipinduka Septemba 2018 mita chache tu kutoka kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Mkataba unahusu ukanda wa kiuchumi wa bahari, na nchi mwanachama ikipenda huuongeza hadi maji yake ya kitaifa. Ziwa halimo kabisa. Kwa hiyo kuridhia pekee hakutoshi. Sheria zetu za ndani ziweke wajibu huohuo, pamoja na bima yake, kwa vyombo vya maziwa na vya mwambao, vya serikali vikiwemo. Mtoa bima atakayelipa hasara huwa na sababu ya kuwatafuta mapema waopoaji wanaojua lini chuma hakitobolewi.

Wapo watakaosema bima itawafilisi wenye vyombo vidogo. Inawezekana ada ikapanda, ila bila bima anayelipa ni mlipa kodi, tena bila kuulizwa. Mkataba wenyewe hauondoi haki ya mwenye meli kuweka kikomo cha malipo, na sheria yetu inaweza kupanga viwango kwa ukubwa wa chombo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba meli iliyozama na watu ni kaburi. Hapo sipingi, wala mkataba haupingi: kipimo chake ni hatari, ikiwemo kina cha maji na wingi wa vyombo vinavyopita. Spice Islander ilitua kwenye kina ambacho wazamiaji walioletwa kutoka Afrika Kusini walishindwa kukifikia. Mabaki ya namna hiyo yaachwe. Yanayostahili kuondolewa ni yale yaliyolala maji mafupi, kwenye njia ya kivuko cha kesho asubuhi.