Cheti Kisichokuwa Chetu

(Hotuba kwa vijana, iliyotolewa msikitini baada ya Swala ya Isha)





Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Ghashiya anatuhimiza tuitazame milima jinsi ilivyosimikwa. Kwa nia hiyo, mwaka 2016 tulifunga safari, vijana wanne wa msikiti huu, kuupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu.

Safarini tulipunguza rakaa kama wasafiri, tukielekea kaskazini iliko Makka. Kituo cha Kibo, kilicho juu ya mita 4,700, hakina chemchemi. Maji hubebwa na wapagazi kutoka chini, nayo ni ya kunywa na kupikia. Huko tulitayamamu kwa udongo wa mlima. Tulipoweka paji la uso chini huku tukihema, tulielewa kwa nini Sura Bani Israil inamkataza mwanadamu kutembea kwa majivuno, ikimkumbusha kwamba hataifikia milima kwa urefu.

Tulianza kupanda usiku wa manane. Kulipopambazuka tulifika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta. Kutoka hapo kilele cha Uhuru, chenye mita 5,895, kingali juu kwa mita zipatazo 200. Wenzetu wawili waliendelea wakafika. Sisi wawili tulikuwa tukiumwa kichwa na kutapika, tukateremshwa. Katika hilo hamna aibu, kwani tumekatazwa kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu.

Aibu ilikuja langoni. Huko mpandaji hupewa cheti kinachotaja mahali alipofika, kwa ushahidi wa mwongozaji wake. Mwongozaji wetu alituuliza: "Niseme wote mmefika Uhuru?" Hatukusema ndiyo. Tulinyamaza, na vyeti vikaandikwa hivyo.

Tulivitundika ukutani, tukapongezwa na majirani. Kisha mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ikatangaza kwamba watumishi zaidi ya 9,000 wamekutwa na vyeti vya kughushi. Barazani tuliwalaumu kwa sauti kubwa. Tuliporudi nyumbani, karatasi ile ilikuwa ikitutazama.

Ndugu zetu, Sura Aal-Imran inawaonya wale wapendao kusifiwa kwa mambo wasiyoyatenda. Tulikuwa tukiisoma miaka yote, lakini usiku ule ilitusoma sisi. Tuliona pia kwamba dhambi haikuwa yetu peke yetu. Mwongozaji yule alitegemea bakhshishi yetu. Kwa kimya chetu tulimwacha mtu anayetafuta riziki ya watoto wake atoe ushahidi wa uongo kwa ajili yetu.

Tulikwenda kwa wenzetu wawili kuungama. Walikuwa wakijua siku zote, ila walitusitiri. Mmoja alisema: "Tulingoja mrudi wenyewe." Tulivishusha vyeti vile, na leo tumevileta mbele yenu, ili waliotupongeza wajue kwamba pongezi zile hatukuzistahili.

Kwa nini tunayasimulia haya? Kwa sababu uongo mwingi wa maisha yetu hausemwi kwa ulimi. Muuza duka anajua kwamba mizani yake imelegea, na ananyamaza. Fundi analipwa kwa mifuko kumi ya saruji akiwa ametumia saba, naye ananyamaza. Mtumishi anaandikiwa posho ya safari asiyokwenda, anatia sahihi bila neno. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alitufundisha kwamba ukweli humwongoza mtu kwenye wema, na wema kwenye Pepo, na uongo humpeleka kwenye uovu, na uovu Motoni.

Kufika Gilman's Point ilikuwa neema iliyotutosha. Tuliipoteza kwa kutamani mita 200 ambazo hatukupewa. Basi kila mmoja wetu atazame ukutani kwake leo, na kisicho chake akishushe kabla hajashushwa nacho.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa pamoja na wakweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.